Wageni wa Bondeni

Mjini, 3 Machi

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana maoni yao.

Nakuandikia wewe na si binti yangu kwa sababu nyumba ni yako, na mimi si mtu wa kupitia dirishani. Simu yako kila nikipiga haipatikani. Binti yangu aliniambia huko kaskazini mtandao hukamatwa na mtu aliyepanda juu ya tangi la maji. Sitaki mtu apande tangi kwa ajili yangu, aanguke, halafu lawama ziniangukie mimi.

Shemeji yako mkubwa amehamishwa kikazi. Nyumba tunayokaa ni ya ofisi, kwa hiyo mwisho wa Aprili wanarudisha funguo na kwenda zao. Huko waendako wamepata vyumba viwili, na mkewe ameshavipima kwa macho bila kunitaja. Mimi sina neno. Nina mipango yangu.

Katika mipango hiyo nimeona nije kwenu kubadilisha hewa kidogo. Si lazima. Kama hamna nafasi sema tu, mimi si mtoto.

Na kazi yako inaendeleaje? Binti yangu husema unatunza mimea, lakini sijawahi kuelewa mtu anatunzaje kitu ambacho kinaota chenyewe.

Mama wa mkeo


Kituo cha Mimea, 17 Machi

Mama mkwe mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Barua yako tumeipokea kwa furaha na taadhima kubwa. Kuhusu kuja kwako, karibu wakati wowote utakaoona unafaa, kwa muda wowote utakaoupenda wewe mwenyewe.

Umeniuliza habari za kazi, jambo ambalo watu hawaniulizi. Wenyeji wanaendelea vizuri, tunashukuru. Mafunjo yameshika kwenye tope la nyuma ya nyumba, matete yanasimama, ndago haina shida na mtu, yungiyungi limefungua maua mawili. Kule juu msituni mikuyu imezaa, na mwezi wa Mei nitapanda kambini kuokota mbegu. Hawa ndio walioshika bonde hili tangu mto ulipoanza kutiririka, na tunataka warudi kila mahali walipoondolewa.

Lakini wageni, Mama, wametuchosha. Wanakuja bila kualikwa. Mmoja anaanza kwa kujikunyata pembeni, unamwonea huruma, unasema mwache, ana ubaya gani. Ukigeuka amejaza nyumba nzima na wenyeji hawapati hata hewa. Yupo yule mrefu, aliyeletwa na serikali, huyo kazi yake ni kunywa tu. Lakini mbaya kuliko wote ni yule wa zambarau. Anapendeza machoni, kila mtu anamsifia, na hakuna anayejua kumwondoa. Mwaka jana tulimtoa kwa heshima, akarudi. Mwaka huu nimeapa hatabaki hata mmoja.

Samahani kwa kukuchosha na mambo yetu. Karibu sana.

Mkwe wako mtiifu


Mjini, 26 Machi

Mkwe,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ile aya ya majani niliiruka, kama ninavyoruka gazetini habari za michezo, lakini iliyofuata nimeielewa vizuri sana.

Nashukuru kwa kunifungua macho kuhusu wageni. Nimesimamia bweni la wasichana mpaka nikastaafu, naelewa mtu anaposema jambo kwa kuzunguka. Sitakuja. Hewa ya hapa inanitosha.

Mama wa mkeo


Kituo cha Mimea, 8 Aprili

Mama mkwe mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Tumesikitika kwamba safari imeahirishwa, ila tunaheshimu uamuzi wako na hatutakusumbua kwa maswali.

Siwezi kuficha furaha yangu kwamba umelielewa suala la wageni upesi hivyo. Mwenyekiti wa kijiji nimemweleza mpaka sauti ikakauka, na bado anawatetea. Anasema wana maua. Mke wangu naye wiki nzima hataki kusikia neno hilo mezani. Kumbe mtu wa kunielewa nilikuwa naye kwenye ukoo.

Kwa kuwa unapenda jambo hili nikueleze tunavyofanya. Kwanza tunawang'oa na mizizi. Ukiwakata shingo tu unajidanganya. Kisha tunawaanika juani, wakikauka tunawachoma. Majivu tunawapa wenyeji.

Mkwe wako mtiifu


Mjini, 15 Aprili

Mwanangu kitindamimba,

Nakuandikia shuleni unakofundisha ili mumeo asiione barua hii. Kaa chini kwanza.

Niliomba kuja kwenu siku chache, na mumeo amenijibu kwamba wageni hujaza nyumba mpaka wenyeji wakakosa hewa. Nikamwandikia kwamba sitakuja. Amerudi tena na kunieleza jinsi anavyowaanika juani. Mimi, mwanangu. Kuanikwa. Na maelezo ya majivu yameambatanishwa.

Anasema mbaya kuliko wote ni yule wa zambarau. Nilipokuja kwenu mwaka jana nilivaa nini? Lile gauni ulinisifia wewe mwenyewe. Na yule mrefu wa serikali anayekunywa ni nani kama si kaka yako? Ni kweli kaka yako anakunywa, lakini hilo ni letu sisi, si la kuandikwa na mkwe.

Kinachoniuma si matusi. Kinachoniuma ni kwamba yameandikwa kwa adabu. Miaka yote hiyo mumeo hajawahi kunipinga hata kwa jambo dogo. Nikisema chai haina sukari anasema ni kweli Mama, hata kama ameitia yeye. Nilidhani ni malezi. Kumbe alikuwa anahesabu siku niondoke.

Usimwambie kitu. Nitajua pa kwenda.

Mama yako


Shuleni, 22 Aprili

Mama,

Barua yako niliisoma katika chumba cha walimu na nimecheka mpaka mwalimu wa hesabu akaniletea maji.

Wageni ni majani. Hapa kituoni mmea ulioota bonde hili tangu zamani huitwa mwenyeji, na ulioletwa kutoka mbali ukavamia huitwa mgeni. Wanasema hivyo kutwa nzima, mpaka wamesahau kwamba watu wengine wana wageni wa kawaida wanaokunywa chai. Mrefu anayekunywa ni mkaratusi, unafyonza maji mpaka chemchemi inakauka. Wa zambarau ni gugu maji, linaelea juu ya mto na kuziba kila kitu. Ungeisoma ile aya ya majani ungeona.

Huyu mume wangu ni mtu wa ajabu, nakubali. Ukimuuliza habari za mafunjo anaongea mpaka taa inazimwa. Ukimuuliza habari za watu anasema karibu sana. Anakuogopa, Mama. Kila ukitaka kuja anapiga deki kuta.

Sasa na mimi nikuulize. Wifi ameniambia kwamba hawakukuuliza kama utakwenda nao, na kwamba wewe hukuwauliza kama wanakuchukua, na hivyo ndivyo mambo yalivyoisha. Hiyo ndiyo mipango yako? Chumba cha nyuma kipo. Lori la miche linatoka mjini kila wiki. Panda.

Mwanao


Kituo cha Mimea, 14 Mei

Mkwe wangu,

Nimefika salama, na nimekuta wewe umeshapanda kambini kwenye mbegu zako. Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa lori, ambaye anasema barua kwenda juu huchukua siku moja kama lori halijakwama.

Kwanza naomba radhi kwa ubaridi wangu wa Machi. Binti yangu amenieleza. Tusilirudie jambo hilo, hasa mbele ya watu.

Pili, nataka ujue kwamba sikuja hapa kukaa kwenye kiti na kuangaliwa. Mtu wa kuangaliwa huchosha. Kwa hiyo tangu juzi nimeamka mapema na kushughulika na wageni wako, maana hata mimi sasa wananikera. Nyuma ya nyumba, pale penye tope, kulikuwa na kundi zima limejipanga, mabua membamba yamesimama wima, kila moja lina kichwa cha nywele timtim kama msichana aliyelala bila kusuka. Nikajua hawa ndio. Yaani wamevamia mpaka kwa mistari. Nimewang'oa wote na mizizi, kama ulivyoelekeza, na nimewaanika juu ya banda. Magoti hayajaninyima kitu.

Ila katika mtaro nimeokota ua moja zuri la zambarau, limeachwa peke yake linaelea, hakuna anayelijali. Nimelihurumia. Nimeliweka kwenye lile pipa kubwa la mvua jikoni na kulitilia mbolea kidogo. Leo asubuhi yalikuwa matatu.

Binti yangu ametoka shule, ametazama huko nyuma, kisha ameingia chumbani na kufunga mlango. Nadhani kazi ya ualimu inamchosha.

Mama wa mkeo


Kambi ya Juu, 16 Mei

Mama mkwe mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Tumefurahi mno kusikia umefika salama.

Nakushukuru kwa kazi uliyoifanya nyuma ya nyumba. Nimekaa hapa kambini tangu nimeipata barua yako natafuta maneno ya shukrani na sijayapata yote. Hakuna mtu aliyewahi kuisafisha sehemu ile kwa namna hiyo.

Nakuomba sasa upumzike. Kabisa. Usishike kitu kingine chochote kilicho nje ya mlango, magoti yako ni ya thamani kwetu.

Kuhusu pipa, tafadhali msinywe maji yake.

Mkwe wako mtiifu


Kituo cha Mimea, 26 Mei

Mkwe,

Leo mkuu wa kituo amepita hapa. Amezunguka nyuma ya nyumba, amefika pale penye tope, akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani. Halafu akaona pipa. Akauliza ni nani. Binti yangu akasema, kwa sauti ndogo, ni Mama.

Kwa hiyo sasa najua. Yale mabua ndiyo mafunjo. Ndiyo wenyeji wenyewe, uliowakuza mwaka mzima ili waende kushika ukingo wa mto mvua hizi. Na lile ua langu ni gugu maji, ambalo kituo kizima kimekuwa kikililaani, na mimi nimelilea jikoni mwako kama mtoto wa kunyonyesha.

Nimefanya jambo la aibu na nimelia. Lakini si hilo linalonifanya nishike kalamu.

Wewe ulijua tangu barua yangu ya kwanza kutoka hapa. Binti yangu alijua kabla yako. Ukamwandikia asiniambie, ameniungamia mwenyewe, ukasema Mama asijisikie vibaya. Halafu ukanishukuru. Nimekaa kitandani nikafikiri, ni nani hufanyiwa hivi? Mgeni akivunja kikombe, mwenye nyumba hucheka na kusema kilikuwa cha zamani. Akishaondoka ndipo vipande vinafagiliwa na maneno yanasemwa. Wanangu nikiwaharibia kitu walinung'unika mpaka nikatoka nje. Wewe umenishukuru.

Basi nimejua nafasi yangu, na wala sikulaumu, umelelewa vizuri. Alhamisi lori likishuka nitapanda nirudi mjini. Kuna rafiki yangu niliyefanya naye kazi bwenini ana chumba cha uani. Bado hajui kwamba naenda, lakini ana roho nzuri.

Asanteni kwa chumba.

Mama wa mkeo


Kambi ya Juu, 28 Mei

Mama,

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuichana, kwa sababu kila mara ilianza na mheshimiwa.

Umeniharibia kazi. Sasa nimeandika. Mafunjo yale niliyatoa kipande kipande kwenye kinamasi, maji yakiwa kifuani, ruba wakininyonya mpaka sehemu ambazo siwezi kumwandikia mama mkwe. Niliyapanda kwa mistari kwa mikono yangu, na hiyo mistari ndiyo ingekuambia kitu. Mama, umewahi kuona mvamizi anayejipanga mistari? Kwa nini hukuuliza? Mke wangu alikuwa chumba cha pili na ana mdomo, ulimzaa nao. Lakini wewe huulizi. Wewe unakagua. Ukiingia nyumba ya mtu unaangalia juu ya kabati kwa kidole kama bado uko bwenini, na sisi watu wazima tunasimama kando ya vitanda vyetu tukisubiri alama.

Na gugu maji. Ukalitilia mbolea. Kwenye pipa langu la maji ya kunywa. Nimekasirika kiasi kwamba juzi nimemfokea mpishi wa kambi kwa ajili ya chumvi, mtu asiye na hatia, na kambi nzima imenishangaa maana hawakujua nina sauti.

Halafu unaniandikia unaondoka. Unaondoka kwenda wapi? Uvuruge halafu upande lori, na mimi nibaki na tope? Mgeni ndiye anayeweza kuharibu akaenda zake. Wewe ni wa nyumba hii, umeivuruga bustani, utaitengeneza.

Sikiliza. Mizizi uliyoianika juu ya banda, ile iliyo minene haijafa yote, hata kama imenyauka. Iloweke. Kata vipande vya urefu wa kidole chako, kile cha kukagulia makabati, kila kipande kiwe na jicho la kuchipulia. Vilaze kwenye tope, usivizamishe. Mvua zikikatika kabla hujamaliza tumekosa msimu, na ukingo wa mto utaporomoka tukiuangalia. Gugu maji litoe lote pipani, ulianike mwenyewe, na usilihurumie.

Kuhusu kukushukuru, nilikosea, lakini si kwa sababu unayoifikiri. Sikukuficha ili uondoke. Niliogopa kwamba nikikukasirikia utaondoka, na mke wangu tangu ufike anaimba akiosha vyombo. Dereva ndiye ameniambia, alimsikia kutoka barabarani.

Lori lililoleta barua hii ndilo ulilotaka kupanda. Shusha begi.

Sijawahi kuongea hivi na mtu mzima.

Mkwe wako, mwenye hasira


Kituo cha Mimea, 31 Mei

Mkwe wangu,

Barua yako nimeisomea barabarani, nimesimama kando ya lori, begi limeshafungwa kamba juu ya magunia. Nilipofika pale pa kukagua makabati nilihisi damu inanipanda kichwani. Nilipofika kwenye shusha begi nikalia, dereva akadhani nimefiwa, akazima injini na kunipa pole. Tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyenigombeza. Watu wote wamekuwa wakinipisha njia na kuniuliza kama nimekula.

Begi limeshushwa. Lakini usidhani umeshinda.

Kwanza, mkwe haandikiwi shusha begi. Kuna tafadhali, na haina gharama. Pili, mistari ile si minyoofu hivyo unavyojisifia. Ingekuwa minyoofu ningejua ni ya mtu. Sasa naipanga kwa uzi wa kushonea, uje uone mstari ni nini. Binti yangu anakata vipande, mimi nalaza. Mvua bado ipo. Mizizi mingi imekufa, sitakudanganya, lakini iliyo hai tumeiweka kwenye ndoo na leo tumejaza nusu ya tope. Ruba amenishika chini ya goti. Nimemng'oa mwenyewe na kumtupa.

Gugu maji nimelianika. Nililihurumia kidogo, halafu nikaacha.

Tatu, juu ya kabati lenu kuna vumbi, na si kosa la kidole changu kuliona. Viatu vyako vya matope viko chini ya kitanda badala ya nje. Binti yangu amekonda. Na kwa nini mtu mzima ana jozi moja tu ya soksi zisizotoboka? Haya yote nilikuwa nayo moyoni tangu harusi, nikiyameza kwa adabu. Sasa naona hakuna haja.

Jumamosi unashuka. Njoo umejiandaa, nina mengi ya kukuambia uso kwa uso, na wewe nakuruhusu kujibu. Ukichelewa utakuta chakula kimepoa, na mimi sipashi.

Mama yenu